Mafuta ya Kuchua na Mafuta ya Kunywa

Juzi alasiri nilikuwa nimekaa Forodhani nikipunga upepo. Akaja kijana wa mtaani kwetu, jasho linamchuruzika, ametoka kukimbia. Aliniamkia, akakaa, akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya karafuu na kukipeleka mdomoni. Nilimshika mkono. Ameambiwa eti ukinywa mafuta hayo baada ya mazoezi, misuli haiumi kesho yake. "Mzee, si dawa yetu ya asili hii?" akaniuliza. Suali lake ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Mji wetu huu ni mji wa mafuta tangu zamani. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Marseille, kule Ufaransa, walikuwa wakinunua ufuta na nazi za mwambao huu kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta na sabuni. Humu Mji Mkongwe ngamia aliyefungwa macho alikuwa akizunguka shinikizo kutwa, ufuta ukikamuliwa. Karafuu nazo, baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, zikawa zaidi za Pemba, na huko Wawi, Chake Chake, ndiko kilipojengwa kiwanda cha kupika mafuta ya makonyo. Lakini mali yote hiyo, kabla ya kupanda meli, ilipita juu ya mgongo wa hamali.

Babu yangu mzaa mama alikuwa hamali bandarini. Akirudi jioni, bibi alipasha moto mafuta ya nazi yaliyorowekwa karafuu zilizotwangwa, akamlaza juu ya jamvi na kumchua mabega, kiuno mpaka nyuma ya magoti. Nyumba nzima ilinukia. Sikumbuki hata siku moja kuona mafuta yale yakinywewa. Na alfajiri babu alikuwa keshatoka, maana kibarua ni wa siku: asiyekwenda hapati. Mafuta yale yalishika nafasi ya mapumziko ambayo hakuwa nayo. Ilipofika mwaka 1948, wachukuzi wa bandarini ndio walioanza kuweka chini kazi, mpaka mgomo ukaenea mji mzima. Ugumu wa maisha ulikuwa umewafika shingoni, na chupa ya mafuta haikuweza kuuponya.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Maumivu ya misuli baada ya kazi nzito usiyoizoea huzidi siku ya pili au ya tatu, kwa sababu nyuzi ndogondogo za misuli zimeumia na mwili unazitengeneza upya. Kazi hiyo hufanywa na usingizi, chakula na muda. Kuchua husaidia kupunguza maumivu kiasi, na hapo sifa kubwa ni ya mkono wa bibi. Mafuta huufanya uteleze. Karafuu ina kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutia ganzi, ndiyo maana tunaiweka kwenye jino bovu.

Kuyanywa mafuta hayo ni jambo jengine kabisa. Ni makali. Kijiko kimoja au viwili vya chai vimewahi kumpotezea fahamu mtoto mdogo na kumharibu ini. Hata kwenye ngozi hayapakwi matupu, huchanganywa na ya nazi.

Siku hizi kuna na vidonge laini, vya habasoda, vya mbegu za kitani, bei zake mnazijua. Sisemi ni sumu. Nasema majaribio yaliyofanywa juu ya misuli ni madogo, na majibu yake hayajakubaliana. Mafuta ya kitani, kwa mfano, mwili huweza kugeuza sehemu ndogo tu kuwa aina ile iliyomo ndani ya samaki. Sasa mtu anayeishi karibu na soko la Darajani, akaacha vibua akaenda kununua kidonge, mimi simwelewi.

Kijana alinisikiliza, kisha akakitazama kichupa chake. "Basi nikifanye nini, na nimeshakinunua?" Nikamwambia akachanganye na mafuta ya nazi, ampelekee bibi yake achuliwe magoti. Akacheka, akasema bibi yake ndiye atakayemchua yeye.