Idora: Bustani Iliyotoweka na Reli Yake ya Mbao

Mwanahistoria aliyezoea kutafuta ushahidi wake katika hati na magofu ya mawe hupata taabu anapokabiliwa na kitu kilichojengwa kwa mbao, tena kwa ajili ya mchezo. Kitu kama hicho aghalabu hakihesabiwi kuwa jengo la heshima. Hata hivyo, katika mji wa Youngstown, jimbo la Ohio, Marekani, wenyeji wanaposimulia jinsi mji wao ulivyokuwa kabla haujaanguka, hawakosi kuitaja bustani ya burudani iliyoitwa Idora, na hasa rolakosta yake ya mbao, Wildcat. Makala haya yanakusudia kuchunguza ni kitu gani cha mahali hapo kilichohifadhiwa, kwa njia gani, na ni kipi kilichoachwa nje.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1899 na kampuni ya tramu. Katika miji mingi ya Marekani wakati huo tramu zilijaa watu siku za kazi, zikabaki tupu jioni na Jumapili. Kwa hiyo wenye kampuni wakajenga mahali pa starehe kwenye mwisho wa njia, ili watu wapate sababu ya kulipa nauli. Ndiyo maana jina la kwanza la bustani hii lilikuwa Terminal Park. Jina la Idora lilifuata upesi, na husimuliwa kwamba asili yake ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya “naipenda mno,” yaliyobanwa yakawa neno moja. Msomaji wa pwani atakumbuka wazee wanaolieleza jina la Unguja kwa maneno “ungu jaa.” Mwanaisimu ana haki ya kuyatilia shaka masimulizi yote mawili, lakini mwanahistoria asiyatupe, kwani yanaonyesha jinsi watu walivyotaka mahali pao paeleweke.

Wildcat ilijengwa kwa msimu wa mwaka 1930 na Philadelphia Toboggan Company, kwa mchoro wa Herbert Schmeck. Yafaa kueleza kidogo chombo cha namna hii. Magari madogo yaliyounganishwa huvutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha huachiliwa yateremke kwa uzito wake yenyewe, hayana injini. Nguvu ya mteremko wa kwanza ndiyo inayoyapandisha vilima vyote vinavyofuata, ambavyo kwa sababu hiyo havina budi kuwa vifupi zaidi. Reli yenyewe ni tabaka za mbao zilizopigiliwa pamoja na kuvikwa bamba jembamba la chuma. Mbao hujikunja, hunyonya maji, huoza na kulegeza misumari. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu seremala hana budi kuitembelea reli kwa miguu, akikaza hapa na kubadilisha ubao pale. Baada ya miaka mingi huenda sehemu kubwa ya mbao za mwanzo ikawa imekwisha ondolewa, na bado watu wakasema, kwa haki, kwamba chombo ni kile kile. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu: kilichoifanya Wildcat idumu ni kazi isiyokatika, na kazi hiyo ilipokoma chombo kilianza kufa, hata kabla ya kubomolewa.

Walioijaza Idora walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma na jamaa zao. Kulikuwa na siku za makampuni na siku za mataifa, ambapo Waitaliano, Wapolandi, Waslovaki na wengine walikusanyika kwa zamu na vyakula na nyimbo zao. Mji ulikuwa na watu 170,000 mwaka 1930. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta kama 60,000 tu. Pigo kuu lilikuja tarehe 19 Septemba 1977, siku ambayo Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Wenyeji huiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Bustani iliyotegemea mshahara wa tanuri haikuweza kudumu muda mrefu baada yake.

Tarehe 26 Aprili 1984, kabla ya msimu kuanza, cheche za mafundi waliokuwa wakilehemu chuma ziliwasha moto uliounguza sehemu ya Wildcat, ofisi na vibanda vingi vya michezo. Bustani ilifunguliwa hata hivyo, Wildcat ikiwa imenyamaza, na mwezi wa Septemba ikafungwa kabisa. Mnada ulifanyika Oktoba. Bembea ya farasi wa mbao, iliyochongwa mwaka 1922, ilinunuliwa kwa dola 385,000 na David na Jane Walentas wa New York. Jane aliitengeneza kwa miaka zaidi ya ishirini, na tangu mwaka 2011 imewekwa kando ya mto huko Brooklyn, katika banda lililobuniwa na Jean Nouvel. Rangi zake zimerudi na farasi 48 wanazunguka. Lakini inaitwa Jane's Carousel, na mtoto anayeipanda leo hana sababu ya kulijua jina la Youngstown. Kitu kimesalimika; jina limeachwa nyuma.

Rolakosta haikuweza kubebwa. Kanisa moja lilinunua uwanja likiwa na nia ya kujenga makao makubwa ya ibada, lakini fedha hazikutosha, na Wildcat pamoja na mwenzake Jack Rabbit wa mwaka 1910 zikabaki zimesimama, miti ikiota kati ya nguzo. Mwaka 1993 uwanja uliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Mahali pa Historia. Cheo hicho kina sifa kuliko nguvu: kwa sheria ya Marekani hakimzuii mwenye mali kubomoa kwa fedha zake mwenyewe, wala hakimpi seremala mshahara. Machi 2001 ukumbi wa dansi uliteketea, na Julai mwaka huo huo matingatinga yakaziangusha rolakosta zote mbili.

Tangu hapo wenyeji wamefanya kazi ambayo taasisi hazikuifanya. Mume na mke wa mji jirani wa Canfield walikusanya magari, vibao na mashine zilizotawanywa na mnada, wakafungua jumba la kumbukumbu mwaka 2014. Sherry Lee Linkon na John Russo, katika kitabu chao cha mwaka 2002 kuhusu Youngstown, wameonyesha jinsi kumbukumbu ya kazi ilivyo mali inayogombewa mjini humo.

Ugomvi huo unaihusu starehe pia, na hapa ndipo masimulizi ya mapenzi yanapopungukiwa. Katika bustani za aina hii, hata za kaskazini, Waamerika Weusi walizuiwa kwa muda mrefu katika kumbi za dansi na mabwawa ya kuogelea. Desturi hiyo Idora haikuepukana nayo. Katika jimbo lilo hilo, huko Euclid Beach mjini Cleveland, wanaharakati waliodai haki ya kuingia walitolewa kwa nguvu mwaka 1946, na katika vurugu za Septemba polisi Mweusi alipigwa risasi. Mwaka uliofuata baraza la mji likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi katika bustani za burudani. Gari la rolakosta lililohifadhiwa haliwezi kueleza ni nani aliyeruhusiwa kulipanda na siku gani. Habari hizo zimo vinywani mwa watu, na waliokuwa vijana mwaka 1946 sasa wamebaki wachache.