Isiolo, Mji wa Kungoja Jibu

Nimekuwa mkalimani wa kortini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikitoa maneno kwenye Kiborana na Kiamhari kuyatia kwenye Kiswahili. Kazi hiyo imenifanya niisome upya historia ya mji wetu. Hapa Isiolo serikali imekuwa hodari wa kumsimamisha mtu, na nzito katika kuamua yeye ni nani.

Walioanza kusimamishwa ni ng'ombe. Wakoloni waliifanya Isiolo kituo cha karantini, mifugo ya kaskazini ikizuiliwa hapa kabla ya kuuzwa kusini. Watu nao wakafuata. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa, na mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu. Bila pasi hukupita.

Mwaka 1937 wakafika maelfu ya wakimbizi wa Ethiopia waliolikimbia jeshi la Italia, wakawekwa kambini hapa Isiolo. Walikuwa wafungwa, wageni, au watu wa kurudishwa? Hakuna aliyewapa jibu la kudumu. Kambi ikahamishiwa Taveta, na kungoja kukahamia huko. Kisha Juni 1940 Italia ikaingia vitani dhidi ya Uingereza, na wakimbizi wale wakapata jina upesi: askari. Batalioni ya Pili ya Ethiopia, iliyopigana Gojjam mwaka 1941, iliundwa kutokana nao. Mtu akiniambia kwamba uamuzi hukawia kwa uhaba wa maafisa tu, humkumbusha habari hiyo. Faili huenda mbio mwenyewe anapohitajika.

Uhuru haukuubadilisha mwendo huo. Hali ya hatari iliyotangazwa huku kaskazini Desemba 1963 iliondolewa 1991. Familia zilikusanywa kwenye kambi za Garba Tulla na Merti, na sheria ya 1970 ikawakinga maafisa wasishtakiwe. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Wapo wazee waliozikwa wakiingoja. Vijana nao, Wasomali na Waborana, walipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuufuta utaratibu huo.

Siku hizi wanaoshushwa kwenye magari ni vijana wa kusini mwa Ethiopia, wengi wao kutoka upande wa Hosaena, wakipelekwa Afrika Kusini. Lami ya kwenda Moyale, iliyokamilika miaka ya 2010, imeifupisha mno safari iliyokuwa ya siku kadhaa juu ya lori. Dalali hulipwa kwao, kisha hudai tena njiani. Asiye na kitu hufungiwa katika nyumba ya dalali hadi ndugu zake watume pesa, au hufanyishwa kazi bila mshahara.

Wakikamatwa, hushtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka 3. Nimewahi kutafsiri shtaka asubuhi na hukumu kabla ya adhuhuri. Ilhali Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, katika kifungu cha 14, inamkinga mwathiriwa asiadhibiwe kwa kuwepo nchini bila kibali. Lakini ili kinga hiyo imfikie, sharti kwanza atambuliwe kuwa ni mwathiriwa, na hapo ndipo faili hulala.

Namkumbuka binti mmoja aliyetoroka nyumba ya dalali. Niliagizwa nimweleze kwamba kuna barua ya kumtambua inangojwa kutoka Nairobi. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, naye akirudishwa rumande kila mara. Mwishowe aliniuliza wenzake waliokiri kosa wako wapi. Nikamjibu kwamba wamekwisha rudishwa kupitia Moyale. Kesi ilipotajwa tena, akakiri. Aliyekubali hatia alijua siku ya kurudi kwa mamake. Aliyedai haki hakuijua.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Uingereza, yenye utaratibu wa kuwatambua waathiriwa tangu 2009, ina watu waliongoja jibu zaidi ya mwaka mzima. Ila sisi wa Isiolo tuna rekodi ndefu ya kungoja, na tunajua kwamba mtu aliyeachwa bila jibu amekwisha amuliwa: ameamuliwa kwamba anaweza kusubiri.

Kwa hiyo nadai tarehe. Kila anayesema alisafirishwa kwa hila apewe siku ya jibu, iandikwe kwenye faili na kusomwa kwa lugha anayoielewa. Angojee mahali salama, nje ya rumande. Siku hiyo ikipita jibu halijaja, shtaka la kuwepo nchini liondolewe. Korti inayoweza kumhukumu mtu kabla ya adhuhuri inaweza pia kulifuta shtaka lake kabla ya adhuhuri.