Kiingereza nacho kilianza kwa wafugaji

Wasee wa Garissa, leo tuongee historia ya Kiingereza. Usikimbie, inatuhusu.

Kuanzia miaka ya 400 na kitu, Waanglo na Wasaksoni walivuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark wakaingia Uingereza. Hawakuwa watu wa vitabu. Habari za vita, ukoo na kisasi zilikaa kwenye mashairi, na mashairi yalikaa kichwani.

Mshairi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina ni Cædmon. Kazi yake? Kuchunga mifugo ya monasteri ya Whitby. Mtawa Bede, kwenye kitabu alichomaliza 731, anasema kinubi kikizungushwa karamuni ili kila mtu aimbe, Cædmon alikuwa anatoka nje. Usiku mmoja akalala zizini, akaota anaambiwa aimbe. Asubuhi akaamka mshairi.

Sasa cheki vile walitunga. Hawakufuata vina vya mwisho kama tenzi za Lamu. Walifunga mstari kwa sauti za mwanzo wa maneno: B kwa B, S kwa S, na irabu yoyote iliweza kuitikia irabu nyingine. Umeskia hiyo mahali? Ndio gabay! Tena mshairi wa Kisomali ana kazi ngumu zaidi. Muingereza alikuwa huru kubadilisha herufi kila mstari. Awowe anachagua moja na kuibeba kutoka mwanzo hadi mwisho, hata shairi likiwa na mistari mia. Buraanbur ya akina mama kwa arusi pia ina sheria hiyo.

Hakuna aliyemuigiza mwenzake. Ukikosa karatasi, sauti inayorudi ndiyo inakushikia neno linalofuata.

Tofauti ni wino. Beowulf, shairi la mistari 3,182, limetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, ya karibu mwaka 1000. Mwaka 1731 nyumba ilimohifadhiwa huko London ilishika moto. Kingo zikaungua, shairi likapona. Moto ungezidi kidogo, leo hakuna mtu angejua Beowulf ni nani.

Sisi je? Kisomali kilipata maandishi rasmi 1972, lakini huko Somalia. Huku kwetu shule ilikuja na Kiingereza na Kiswahili. Hali ya hatari iliyotangazwa 1963, vita vya Shifta, sheria kali zilizodumu hadi 1991: wazee waliyapitia hayo yote, na walikuwa na mashairi. Nakala yetu moja ni kichwa cha mzee, na kila mazishi ni moto wa London.

Kuna mtu atasema Kisomali ni cha nyumbani tu, Kiingereza ndicho cha maana. Lakini baada ya Wanormani kuteka Uingereza 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na kortini, Kiingereza kikabaki cha watu wa chini kwa vizazi. Hakuna lugha iliyozaliwa na tai shingoni.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya TikTok, kaa na ayeyo. Muulize shairi moja, limetungwa na nani, kwa sababu gani. Rekodi. Halafu andika kwenye karatasi, juu simu za Garissa tunajua vile hupotea.