Si Ati Hujui Kompyuta, Ni Menyu

Kuna maneno yameumiza vijana wengi hapa Kenya: "Huyu hajui kompyuta." Umemaliza Form Four, ukalipia kozi ya packages, cheti unacho. Unaingia ofisini, unaambiwa utafute kitu fulani kwa programu, hukioni. Basi, wewe ndiye mjinga. Mimi nasema lawama imemwangukia mtu asiye na hatia, na historia iko upande wangu.

Mwaka wa 1983 Apple ilitoa kompyuta inaitwa Lisa. Juu ya skrini kulikuwa na mstari wa menyu: unabonyeza neno, orodha inashuka. Kwa kompyuta nyingi za wakati huo ilibidi ukariri amri na kuziandika mwenyewe. Menyu ikawa ukombozi. Unaangalia, unachagua, umemaliza.

Shida ilianza programu ziliponenepa. Word ya kwanza ya Windows, 1989, ilikuwa na amri kama 100. Word 2003 ilikuwa na zaidi ya 1,500! Nyumba ni ileile, wageni wameongezeka mara 15. Wakajazwa popote: menyu ndani ya menyu, na mistari ya vitufe 31.

Office 2000 ilijaribu ujanja, ikawa inaficha vitu ambavyo huvitumii sana. Inakaa poa, si ndiyo? Lakini sasa menyu yako na ya jirani hazifanani. Mwalimu akisema "bonyeza ya nne kutoka juu," nusu ya darasa imeachwa.

Hii ndiyo inanichoma: Microsoft walipouliza wateja waongezewe nini, vitu vingi vilivyoombwa vilikuwa tayari mle ndani. Watu walikuwa wamelipia vitu wasivyoweza kuviona. Hao wote hawakuwa wajinga.

Mwishowe kampuni ikaacha kukisia, ikahesabu. Kwa data ya watumiaji waliokubali, amri tano tu za Word 2003, yaani Paste, Save, Copy, Undo na Bold, zilichukua karibu asilimia 32 ya matumizi yote. Office 2007 ikaja na Ribbon, iliyopanga amri kulingana na kazi unayofanya. Ukigusa jedwali, vifaa vya jedwali vinajitokeza vyenyewe. Watu walilalamika, na mengine walikuwa na haki: neno File lilitolewa, likawekwa kitufe cha duara ambacho wengi hawakujua kinabonyezwa. Office 2010 ikalirudisha.

Fikiria Gikomba. Mtu akitaka viatu haulizi viliingia nchini kwa kontena gani. Anauliza upande wa viatu ni wapi. Programu nyingi za ofisi bado zimepangwa kwa kontena: kila idara ya waliozitengeneza ina menyu yake, na wewe ubahatishe.

Kwa hivyo wewe unayeunda mfumo wa duka au wa chama, kaa kando ya mtu anayeutumia na uhesabu anachobonyeza kila siku. Hicho kiweke mlangoni.

Na wewe uliyeitwa mjinga, next time uliza swali moja tu: nani alikiweka hapa, na alidhani nitakitafuta wapi?