Nusu ya Pili ya Bei

Mapema mwaka 1986, gari dogo lenye jina la Excel lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 4,995, chini ya nusu ya bei ambayo Mmarekani wa kawaida alikuwa akilipa kwa gari jipya. Mwaka ulipoisha, Hyundai ilikuwa imeuza karibu magari 169,000, na hakuna kampuni ya kigeni iliyowahi kuuza mengi kiasi hicho katika mwaka wake wa kwanza nchini humo. Mwaka uliofuata ikapita 263,000. Kisha mauzo yakaanza kuporomoka, na kufikia 1998 kampuni ileile iliuza takriban magari 90,000 tu, ingawa sasa ilikuwa na aina nyingi zaidi za magari. Simulizi iliyozoeleka husema kwamba Wakorea walianza na magari mabovu, wakajifunza, wakatengeneza mazuri. Si uongo, lakini inamwacha nje mtu muhimu kuliko wote, yaani mwenye gari. Bei ya gari hulipwa mara mbili. Nusu ya kwanza hulipwa dukani, siku moja, mbele ya muuzaji anayetabasamu. Nusu ya pili hulipwa kidogokidogo kwa miaka, gereji, barabarani na siku ya kuliuza. Kwa hoja yangu, historia ya Hyundai ni historia ya swali moja: ile nusu ya pili, nani anaibeba?

Inafaa kukumbuka kwamba mwanzilishi wake, Chung Ju-yung, aliingia katika biashara ya magari kwa mlango wa nyuma, mlango wa mafundi. Mwaka 1940 alichukua karakana ya matengenezo mjini Seoul iliyoitwa A-do Service. Iliungua muda mfupi baadaye, akakopa tena na kuanza upya. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siri yake ilikuwa kutoza zaidi na kumrudishia mteja gari lake haraka, kwa kuwa alielewa kuwa kila siku gari linapolala gereji mwenyewe anapata hasara. Kampuni ya kutengeneza magari ilikuja baadaye sana, mwaka 1967, na kazi yake ya kwanza kule Ulsan ilikuwa kuunganisha Ford Cortina. Gari la kwanza waliloliita lao, Pony, lilionyeshwa Turin mwaka 1974 na kuanza kuundwa mwishoni mwa 1975. Umbo lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, injini na giaboksi zilikuwa za Mitsubishi, na aliyesimamia kazi yote alikuwa Mwingereza George Turnbull, aliyetoka British Leyland. Mwaka 1976 Pony chache zilipakiwa melini kwenda Ekuado. Katikati ya miaka ya 1980 Pony ziliuzwa kwa wingi Kanada, na huko somo la kwanza lilitolewa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Bodi zilianza kuliwa na kutu wakati injini bado ina nguvu.

Pony halikutimiza masharti ya moshi ya Marekani, kwa hiyo aliyekwenda huko ni mdogo wake, Excel. Alikuta rafu iko tupu. Tangu 1981 Wajapani walikuwa wamekubali kuwekewa kikomo cha idadi ya magari wanayopeleka Marekani, na mwenye kikomo cha idadi hutafuta faida kwenye kila gari moja. Toyota na Honda wakapanda ngazi kuelekea magari ya bei kubwa. Baada ya Septemba 1985 yeni nayo ikapanda thamani haraka, na gari dogo la Kijapani likazidi kumkwepa mtu wa kipato cha chini. Hapo ndipo Excel liliingia, na wengi walioliendea ni watu ambao hawakuwahi kununua gari jipya maishani: vijana walioanza kazi, wanafunzi, familia zilizozoea magari ya mkononi. Waliyoyakuta yanajulikana, kwa kuwa waliyasema sana hadi wachekeshaji wa televisheni wakayadaka. Kutu, kabureta inayosumbua asubuhi za baridi, gasketi ya silinda hedi inayoungua, giaboksi zinazochoka mapema, vipande vya plastiki vinavyobaki mkononi. Juu ya yote, thamani iliporomoka. Mtu aliyekopa kulipa kwa miaka minne au mitano angeweza kujikuta anadaiwa zaidi ya bei ya gari lenyewe, na gari haliwaki. Zile dola alizookoa dukani hazikupotea hewani. Alikuwa amezikopa kutoka kwa mkono wake wa kesho.

Kuna wanaojibu kwamba mnunuzi alijua anachonunua. Aliyelipa dola 4,995 hakuwa na haki ya kutarajia Mercedes. Wengine huongeza kwamba wanaonunua gari la bei ya chini mara nyingi hukwepa gharama za matunzo, hawabadilishi oili kwa wakati, kisha humlaumu mtengenezaji. Hoja hii ina uzito kiasi. Gari la mtu asiye na akiba hutunzwa vibaya, kwa sababu fedha ya sevisi inashindana na kodi ya nyumba. Lakini Civic na Corolla za zama zile, baada ya kupita mikono miwili mitatu, ziliangukia kwa watu walewale wenye mifuko ileile, na zikaendelea kutembea. Tena hoja ya kwamba mnunuzi alijua inasahau jambo ambalo mwanauchumi George Akerlof alilieleza mwaka 1970 katika makala yake maarufu kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi anakisia. Aliyenunua Excel mwaka 1986 hakuwa na jirani wa kumuuliza, kwa kuwa jirani naye alikuwa hajawahi kuliona. Aliona bei. Makali ya nusu ya pili hayakuandikwa kwenye kioo cha gari.

Akerlof alitaja pia njia mojawapo ya kutoka katika mtego huo, nayo ni dhamana. Anayejua hali ya bidhaa akikubali kulipa ikiharibika, asiyejua anaweza kununua bila woga. Mwaka 1998, mauzo yakiwa chini kabisa na Asia ikiwa katika msukosuko wa fedha, Hyundai ilitangaza Marekani dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, na miaka 5 au maili 60,000 kwa sehemu nyingine nyingi za gari. Washindani wengi wakati huo waliishia miaka 3 au 5. Wengi waliiona kama kujitia kitanzi: kampuni yenye sifa mbaya kuliko zote inaahidi muda mrefu kuliko wote. Katika miezi hiyohiyo uongozi ulikuwa ukihamia kwa Chung Mong-koo, mtoto wa yule mwenye karakana, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza kwa miaka mingi kampuni ya kundi hilo iliyoshughulika na huduma na matengenezo baada ya mauzo. Huyu hakuhitaji kuelezwa mwenye gari anasema nini anapolirudisha.

Watu huitazama dhamana ile kama tangazo. Naitazama kama bomba lililogeuzwa mwelekeo. Kabla yake, giaboksi ikifa Ohio, ankara ilikwenda kwa mwalimu au mhudumu wa hospitali aliyelinunua gari. Baada yake, ankara ilivuka bahari hadi Korea na kutua mezani kwa watu wenye uwezo wa kubadilisha mchoro wa giaboksi. Kasoro ambayo jana ilikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja sasa ikawa hasara iliyojumlishwa, yenye idadi na jina la sehemu. Katika utafiti wa J.D. Power, unaohesabu matatizo ambayo wenye magari huyaripoti katika siku 90 za mwanzo, Hyundai ilikuwa na matatizo 272 kwa kila magari 100 mwaka 1998. Mwaka 2004 yalikuwa 102, ikiwa bega kwa bega na Honda. Mwaka 2005 ikafungua kiwanda Montgomery, Alabama. Januari 2009, Wamarekani wakipoteza ajira kwa mamia ya maelfu kila mwezi, ikaongeza ahadi nyingine: anayenunua kwa mkopo akipoteza kazi ndani ya mwaka mmoja anaweza kulirudisha gari. Soko zima lilianguka kwa takriban asilimia 21 mwaka huo. Hyundai ilipanda kwa takriban asilimia 8. Kwa mara nyingine kampuni ilikuwa imebeba sehemu ya hofu ya mnunuzi, na mnunuzi akaelewa.

Yupo atakayesema kwamba nakuza mambo, kwamba sarafu ya Korea ilishuka sana baada ya 1997 na kuyafanya magari yake kuwa rahisi, hivyo ufufuo ulitokana na benki kuu wala si dhamana. Ushukaji ule ulisaidia, sibishi. Lakini urahisi Hyundai ilikuwa nao tangu 1986, na ndio ulioizamisha. Sarafu dhaifu inaeleza bei. Haielezi matatizo 272 kuwa 102. Pingamizi lenye nguvu zaidi liko kwenye maandishi madogo. Ile miaka 10 ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Gari likiuzwa, aliyelipokea alibaki na miaka 5 na maili 60,000, zihesabiwe tangu siku lilipotoka dukani. Na siku 90 za J.D. Power hazisemi chochote kuhusu mwaka wa tisa. Nakubali yote haya, na naona ndipo hadithi inapopata uzito wake. Kampuni iliichukua nusu ya pili ya bei kutoka kwa mtu mmoja, yule aliyeingia dukani, ikamwachia yule anayekuja baada yake, ambaye kwa kawaida ana fedha kidogo zaidi.

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anamfahamu huyo wa pili, kwa kuwa karibu kila gari dogo lililoko barabarani hapa liko mikononi mwake. Dhamana ya kiwandani haimfuati gari likiuzwa ng'ambo. Tena Korea wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari yao yaliyotumika, yenye usukani kushoto, hayakujaza bandari zetu kama ya Kijapani. Mnunuzi wa huku, akiwa hana karatasi ya ahadi, hununua sifa na upatikanaji wa spea, na hii ndiyo maana ya Toyota kuheshimiwa gereji kuliko dukani.

Mambo ya baada ya 2010 yanaonyesha kwamba bomba linaweza kugeuzwa tena. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilibaini kwamba Hyundai na dada yake Kia, ambayo Hyundai iliichukua mwaka 1998, zilikuwa zimetangaza ulaji mdogo wa mafuta kuliko ulivyo kwa magari takriban 900,000. Wenye magari wakalipwa tofauti, na mwaka 2014 ikafuata faini ya dola milioni 100. Likaja suala la injini iitwayo Theta II. Mabaki ya vyuma yaliyosalia wakati wa kuchonga krenkishafti yalikuwa yakiziba njia za oili, beringi za konrodi zikakauka na injini ikanoki, wakati mwingine gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu. Magari 470,000 yakaitwa yarudi mwaka 2015, na zaidi ya milioni moja, pamoja na ya Kia, mwaka 2017. Aliyefikisha habari kwa wasimamizi wa usalama barabarani Marekani alikuwa mhandisi wa ndani, Kim Gwang-ho. Alifukuzwa kazi, na mwaka 2021 Wamarekani wakamzawadia zaidi ya dola milioni 24. Katika mashauri yaliyofunguliwa, baadhi ya wenye magari walieleza kwamba waliombwa risiti za kila mara walipobadilisha oili, na waliokosa wakaambiwa matunzo ni jukumu lao. Lile pingamizi la kuhusu anayekwepa kumwaga oili lilikuwa limerudi, safari hii kampuni yenyewe ikiwa na kasoro ya kiwandani mikononi.

Na kuna ufunguo. Kifaa kiitwacho imobilaiza huzuia injini kuwaka pasipo ufunguo wenye chipu yake. Kanada imekilazimisha kwa magari mapya tangu 2007. Marekani haikulazimisha, na katika magari ya mwaka 2015, asilimia 96 ya aina za magari za kampuni nyingine zilikuwa nacho kama kifaa cha kawaida. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26. Waliokosa walikuwa hasa wanunuzi wa matoleo ya bei ya chini, yale ya kuwasha kwa kuzungusha ufunguo. Karibu 2021 vijana wakaonyeshana mitandaoni jinsi ya kuvunja kava la usukani na kuzungusha swichi kwa ncha ya waya wa USB, na wizi ukaenea mji baada ya mji. Baadhi ya kampuni za bima zikakataa kuyakatia bima magari hayo katika miji kadhaa. Februari 2023 kampuni hizo mbili zikatoa programu ya kuzuia wizi kwa magari takriban milioni 8.3. Mengi ya magari hayo yalikuwa na umri wa miaka mingi, yakiwa tayari kwa mwenyewe wa pili au wa tatu. Hadi mwezi huo, takriban kufuli 26,000 za usukani zilikuwa zimepelekwa kwa polisi wa majimbo 12 ili wenye magari wagawiwe bure: nondo ya chuma ambayo mtu anaifunga kila usiku kwa mkono wake, na kuifungua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.