Gololi ndani ya supu

Watu wengi wanadhani kupozisha msosi ili utoke bomba kwenye picha kumeanza na Instagram mwaka 2010. Wapi! Mambo haya yanakaribia umri wa kamera yenyewe.

Mwaka 1845 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa tayari na picha ya vikapu viwili vya matunda, akaiweka kwenye kitabu chake. Kamera iko karibu usawa wa meza, matunda yamerundikwa kama walivyozoea wachoraji. Na nanasi limo. Sisi tunaomenyewa kipande barabarani hatushtuki, ila Uingereza ya wakati ule nanasi lilioteshwa kwenye nyumba za vioo, tunda la matajiri. Picha ilishaanza kujitapa!

Edward Weston wa Marekani yeye hakutaka rundo. Agosti 1930 alichukua pilipili hoho moja tu, akaiweka ndani ya faneli ya bati. Bati likarudisha mwanga pande zote, mikunjo ikatokeza kama misuli ya mtu.

Ila kisa ninachokipenda ni cha supu ya Campbell's. Kila mpishi analijua tatizo: mboga zinazama, kamera inaona mchuzi mtupu. Kwenye matangazo ya mwishoni mwa miaka ya 1960 wakatia gololi chini ya bakuli (ndiyo, gololi hizi hizi za utotoni), mboga zikapanda juu. Tume ya serikali ya biashara ikawabana. Wakajitetea kwamba bila gololi picha ndiyo ingedanganya, ionekane hamna mboga kabisa. Hapo kidogo wananiyumbisha, maana ni kweli bakuli linaficha. Lakini mtu anatoa hela yake kwa wingi alioona, halafu nyumbani anafungua kopo anakuta mengine.

Sasa sikieni. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha George Washington wakaunda kikundi, herufi za jina lake zikisomeka SOUP, yaani supu, wakaomba kuingia kwenye shauri hilo. Walitaka kampuni itoe matangazo ya kujisahihisha. Mwaka 1970 Tume ikawakatalia, ikaishia kuizuia kampuni isirudie. Wazo lao lakini halikufa: mwaka 1971 kampuni moja ya mikate ikakubali kutumia robo ya gharama zake za matangazo, mwaka mzima, kusahihisha ilichokuwa imewaambia watu.