Wilaya ya Pili ya New York: Mafunzo Yalipohamia Darasani

Mwaka 1969 bunge la jimbo la New York liliamua kuzigawa shule za Jiji la New York katika wilaya, ambazo baadaye zilifika 32, kila moja ikiwa na bodi yake na mkuu wake wa elimu. Wilaya ya Pili ilichukua sehemu kubwa ya Manhattan. Ndani yake mlikuwa na mtaa wa Wachina, wenye watoto wengi wa wahamiaji walioanza shule bila kujua Kiingereza, na Upper East Side, makazi ya matajiri wa jiji.

Anthony Alvarado alipokabidhiwa wilaya hiyo mwaka 1987, ilikuwa ya 10 kwa matokeo ya kusoma. Alikwisha kupata sifa katika Wilaya ya Nne, East Harlem, ambako walimu waliruhusiwa kuanzisha shule ndogo na wazazi wakachagua. Safari hii alianza na ufundishaji wenyewe, tena wa kusoma na kuandika tu. Hisabati ilisubiri miaka kadhaa.

Mafunzo kazini yalizoeleka kuwa semina: walimu hukusanywa ukumbini, husikiliza, kisha hurudi kufundisha vilevile. Alvarado aliyahamishia darasani. Washauri, baadhi yao kutoka Australia na New Zealand, walifuatana na walimu shuleni mwao, wakafundisha mbele yao, kisha wakawatazama wakifundisha. Kulikuwa pia na utaratibu wa mwalimu mwenyeji. Mwalimu stadi alimpokea mwenzake darasani kwake kwa wiki tatu, huku wanafunzi wa mgeni wakishikwa na mwalimu wa akiba mwenye uzoefu. Kipengele hicho cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini bila hicho mpango wote ungekwama, kwani mwalimu aliyeacha watoto bila mtu hawezi kujifunza kwa utulivu. Mafunzo hayo yote yalitengewa takriban asilimia 3 ya bajeti ya wilaya.

Wakuu wa shule nao walibanwa. Mikutano yao ya kila mwezi ikawa ya kujadili ufundishaji, na viongozi wa wilaya walizunguka madarasani pamoja nao kuona kinachofundishwa. Ndani ya miaka minne ya kwanza, karibu theluthi mbili ya wakuu wa shule walikuwa wamebadilishwa.

Kufikia 1996 wilaya ilikuwa ya pili jijini kwa kusoma. Richard Elmore wa Harvard na Deborah Burney waliieleza katika maandishi yaliyosomwa sana, na wakosoaji wakajibu kwamba mitaa yake ilikuwa ikizidi kujaa wenye uwezo. Hoja hiyo ina uzito, na haiwezekani kutenga kabisa kazi ya walimu na kipato cha wazazi.

Mwaka 1998 Alvarado alihamia San Diego chini ya Alan Bersin, mkuu wa elimu wa huko. Kilichochukua miaka 11 Manhattan kilitakiwa huko haraka, kwa amri ya kutoka juu. Chama cha walimu kilipinga, bodi ikagawanyika kura tatu kwa mbili, na Alvarado akaondoka kabla kazi haijakamilika.

New York nako, sheria ya 2002 iliziweka shule chini ya meya na kufungua njia ya kuvunjwa kwa bodi za wilaya. Mwaka uliofuata, mbinu ya kufundisha kusoma inayofanana na ile ya Wilaya ya Pili ilitangazwa kuwa ya jiji zima.